Talaka ya Mpini wa Ndege

Mume wangu Khatib alikuwa amebakiwa na talaka moja tu, na hiyo moja akaenda akaifunga kwenye mpini wa ndege ya mbao. Watu wakinisikia nasema hivi hudhani nafanya mzaha. Sifanyi. Mbili zilikwisha zamani, moja ndiyo iliyokuwa imesalia kati yangu na yeye, na kwa miaka minne niliishi nikiiangalia mikono yake kila alipopanda chumba cha juu, alikoutundika ule mpini kwenye msumari.

Nimweleze kwanza mwenyewe, maana wengi wanamjua kwa kazi tu. Khatib ni fundi wa mashine za boti, karakana yake iko Langoni, hapa Lamu, chumba kimoja kinachonuka petroli hadi kwenye dari. Boti ya wavuvi ikigoma Kizingitini au Mkokoni, huitwa yeye, na yeye huenda hata kama chakula kiko mezani. Si mtu wa maneno. Ukimuuliza umeamkaje, hufikiri kwanza. Mimi ni mtu wa maneno, sifichi, na mama yangu alisema siku ya harusi kwamba Mungu ametuunganisha ili nyumba isiwe kimya wala isipasuke kwa kelele. Alikosea hilo la pili.

Mashine za boti zilikuwa riziki yake. Roho yake ilikuwa kwenye ndege. Si tiara, wala si zile za rimoti. Alipokuwa kijana akisoma chuo cha ufundi Mombasa, mwalimu wake mmoja alimpa injini kuukuu ya kujaa kiganjani, akamfundisha kuiundia ndege, na tangu hapo hakupona. Mbao zake ni za msufi, kwa kuwa ni nyepesi. Huzileta kutoka Pate, huzikausha darini kwetu miezi miwili, kisha huzichonga nyembamba mpaka mwangaza unapenya. Mabawa huyavika karatasi ya tiara na kuyapaka vanishi. Upana wake ni mikono yangu yote miwili nikiinyosha. Injini inakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na harufu ya huo moshi imeganda kwenye mapazia yangu, hata nikiyafukiza udi na kuyarashia maji ya waridi haitoki.

Sasa sikiliza inavyoruka. Kwenye ubawa wa kushoto zinatoka nyaya mbili nyembamba za chuma, ndefu hatua ishirini, zinakwenda mpaka kwenye mpini ambao mrushaji ameushika. Akikunja kiganja juu, ndege inapanda. Akikunja chini, inashuka. Nayo inamzunguka, yeye amesimama katikati anageuka nayo, mzunguko mmoja kwa sekunde tano hivi. Haiendi popote. Nilimwambia mara moja, Khatib, miaka yote hii na hiyo ndege haijawahi kufika hata Shela, hapo jirani. Akafikiri, kama kawaida yake, akasema, "Naisikia mkononi, Kulthum. Yanitosha."

Na jambo moja ulijue, maana ndilo lililotumaliza. Ile injini ikishawaka haizimwi. Hakuna swichi. Inakwenda mpaka mafuta yaishe yenyewe, dakika saba, nane, tangi likiwa limejaa. Ndege ikishapaa, mwenye mpini hana ruhusa ya kufanya jambo jingine lolote duniani.

Talaka ya kwanza ilikuwa ya utoto wetu, nilikataa kuhamia kwa mama yake, akatamka, akanirejea baada ya wiki. Hiyo siizungumzi. Ya pili ilikuwa kosa langu, nakiri. Kumi la mwisho la Ramadhani, naharakisha futari, moto hauwaki. Nikaona darini vijiti vyembamba vikavu vimepangwa vizuri, nikavichukua nikawashia jiko. Vilishika haraka ajabu. Kumbe ni mbavu za bawa, kazi ya miezi mitatu. Khatib akaja, akatazama jiko, akanitazama mimi, akasema neno lake, na yeye amefunga. Siku ya tatu akanirejea mbele ya kaka yangu. Tokea hapo kila mtu nyumbani alijua kwamba imesalia moja, na tulikuwa tukigombana kwa adabu.

Mpaka siku ya akdi ya binti yetu mkubwa, Rania. Akdi ilikuwa msikitini baada ya sala ya Alasiri. Bwana harusi amekaa, mashahidi wamekaa, Ustadh Hamid amekwisha kufungua kitabu, walii hayupo. Baba wa bibi harusi hayupo. Wakangoja. Wakatuma watu. Wakamkuta nyuma ya mji, kwenye mchanga, amejifunga kanzu ya harusi kiunoni, anarusha ndege. Alikuwa amesema ataijaribu dakika moja tu kabla ya sala, akasahau kwamba tangi amelijaza asubuhi. Wale vijana wakasimama nje ya duara wakimwita, naye anawajibu, "Naya, naya," kwamba anakuja, huku anageuka. Wangefanya nini? Waingie ndege iwapige? Wakangoja mafuta yaishe. Aliingia msikitini na madoa ya nyonyo kifuani, na watu wa upande wa bwana harusi wakatazamana.

Habari ilinifikia ndani, nimekaa na wanawake, mkono wangu una hina mbichi. Nilihisi uso unaniwaka. Nilimngoja mpaka aliporudi, nikamwita ukumbini, na mlango sikuufunga. Nilitaka wanisikie. Nikamwambia ameniaibisha mbele ya ukoo mgeni, nikamwambia mwanawe amemfanya sawa na mashine mbovu ya kusubiri zamu, nikamwambia aape kwamba ameacha. Akasema, "Nimekoma." Nikasema sitaki nimekoma, apa. Akasema, "Wallahi nimekoma." Nikasema wallahi zako nimezizoea. Apa kwa kitu kitakachokuuma.

Yeye naye ana hasira zake, za chinichini. Akanitazama akasema, "Haya. Siku nitakayoushika tena mpini wa ndege, Kulthum umeachika."

Kule ndani wanawake walisikia kila neno. Mmoja wao akatamka astaghfirullah kwa sauti ndogo. Mimi ndiye niliyemsukuma, na niliona usoni mwake kwamba neno lilimtoka likamshtua mwenyewe.

Kesho yake tukaenda wote wawili kwa Ustadh Hamid. Akatusikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kama angeapa kwa Mungu peke yake, tungesema avunje kiapo alishe masikini. Ametaja talaka, ametaja na sharti. Wapo wanavyuoni wasemao vingine, siwafichi. Sisi hapa twafuata madhehebu yetu. Siku atakayoushika ule mpini akijua na akikumbuka, imeanguka. Na ni ya tatu, mwajua maana yake." Tulijua. Hakuna kurejeana. Mpaka niolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli ya kukaa naye, kisha huyo aniache au afe. Nina miaka arobaini na tisa. Nani atanioa, na mimi nitamtaka nani?

Tulirudi nyumbani kila mmoja anapita upande wake wa barabara.

Khatib aliutundika mpini kwenye msumari. Mwaka mzima hakugusa hata msumeno. Akakonda, wallahi akakonda, na mimi nikajiona mbaya. Kisha siku moja nikasikia darini msasa unakwaruza mbao. Nikapanda mbio. Akaniinulia mikono yote miwili kuonyesha haina kitu, akasema, "Niliapa nisishike mpini. Sikuapa nisiunde." Nikamwuliza nani atamrushia. Akafikiri. Nyuma yangu Afra akasema, "Mimi."

Afra ni binti yetu mdogo, ana miaka ishirini na mbili, amemaliza diploma ya famasia na anangoja kazi kama wenzake wote. Alikuwa akishika ile ndege na kumwulizauliza babake toka alipokuwa na meno ya utoto. Miaka miwili walikuwa wakitoka baada ya sala ya Alfajiri kwenda mchangani, yeye amebana buibui kiunoni, babake anasimama nje ya duara amefunga mikono nyuma na kumwelekeza kwa mdomo. Majirani walisema waliyosema. Mimi niliwajibu wao, nikarudi ndani nikamgombeza yeye. Lakini niseme kweli, nilimwona Khatib anakula tena, anacheka tena, na nikasema moyoni, acha iwe.

Mwalimu Owen ndiye aliyetuletea ile safari. Kijana wa bara, anafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Faza, alikuja karakana na mashine ya boti ya shule, akaona bawa limening'inia ukutani, ikawa basi. Alimwomba Khatib mara tatu. "Fundi, hawa wanafunzi wangu wamesoma kani ya kuvuta kwenye ubao tu. Waje waione." Khatib akasema mrushaji ni Afra, Afra akakubali, na mimi nikasema nakwenda nao. Walidhani nakwenda kwa sababu ya binti kusimama mbele ya watu. Nilikwenda kulinda mikono ya mume wangu.

Ilikuwa mwezi wa Shawwal, sikukuu imepita kama siku kumi na tano. Tuliondoka Lamu na boti ya asubuhi, ndege imelala mapajani mwa Khatib imefungwa kwenye shuka. Tulipofika Faza, Owen alitukaribisha chai na mahamri kwake. Afra akasema ameshakunywa botini. Sikumwona akinywa botini. Nilidhani ni haya tu, binti hapendi kula mbele ya mwanamume mgeni, nikamwacha.

Uwanja wa shule una ukuta wa mawe upande mmoja na mikoko upande wa pili. Owen alichora duara kwa chokaa na nje yake akafunga kamba ya kuzuia watu. Wanafunzi walikaa ukutani kote kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli, wasichana kiasi cha arobaini, wamebanana, migongo ukutani. Wavulana walikuwa pembeni, kwenye lango. Upande wa mikoko hakukuwa na mtu. Saa nne hivi asubuhi, jua limeanza ukali wake.

Nilimwona Khatib akilijaza tangi kwa bomba la sindano. Mchangani Lamu walikuwa wakitia nusu.

"Umejaza?" nikamwuliza.

"Watoto wamengoja mno. Waone vizuri."

Owen akaishikilia ndege, Khatib akapiga pangaboi kwa kidole, injini ikalia ile sauti yake ya kukera masikio, Afra katikati akainua mkono usio na mpini kuonyesha yuko tayari. Owen akaiachia. Ikakimbia kidogo, ikapaa. Khatib akatoka nje ya kamba, akasimama kando yangu, akafunga mikono nyuma.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa tamu, na sitazikana. Afra aliipandisha mpaka juu kabisa ya kichwa chake, akaishusha, akaipindua ikachora duara jingine hewani, na wasichana wakapiga makofi na vigelegele. Khatib alikuwa anacheka peke yake. Mkono wake wa kulia, nyuma ya mgongo, ulikuwa unakunja na kukunjua kiganja bila yeye kujua.

Kisha nikaona midomo ya mwanangu. Ilikuwa myeupe.

"Khatib," nikasema, "mtoto ana nini?"

Naye alikuwa amemwona. Alikuwa ameacha kucheka. Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu ambayo ilipaswa kuifanya mapema: hakunywa botini, hakula kwa Owen, jana usiku alilala mapema bila daku. Alikuwa anafunga zile saumu sita za Shawwal. Mimi nilidhani ameshazimaliza. Alituficha, kwa kuwa babake asingemruhusu kusimama juani kugeuka dakika nane na tumbo tupu.

Mtu akigeuka namna ile lazima aitazame ndege tu. Akiitazama ardhi, dunia inamzunguka na anapotea. Afra alitazama chini. Nilimwona. Miguu yake ikaanza kutafuta mahali pa kukanyaga, hatua moja, hatua nyingine, na kila hatua ilikuwa inaelekea ukutani. Sasa fahamu, duara halikai palipochorwa chokaa. Linakwenda na mrushaji. Alivyosogea Afra, ndege nayo ilisogea, na mzunguko uliofuata ilipita nje ya chokaa, juu ya kamba. Uliofuata baada ya huo ilipita mbele ya nyuso za wasichana, na vitambaa vyao vikapeperuka.

"Laleni chini!" Owen akapiga kelele. "Wote laleni, mtu asikimbie!"

Wakalala, wale arobaini, juu ya miguu ya wenzao, kwa kuwa nafasi haikuwapo. Wengine walikuwa wanalia. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka kama imelewa, mara juu ya ukuta, mara kimo cha mtu.

Khatib alikuwa hayupo kando yangu. Alingoja ndege ipite, akainama, akakimbia chini ya nyaya mpaka katikati. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mikono yake.

Hakuushika mpini. Alimshika Afra mabega yote mawili kwa nyuma, akawa anageuka naye, kifua chake mgongoni mwa mwanawe, mdomo sikioni. Hata nje ya kamba nilimsikia, yeye ambaye hapazi sauti.

"Tazama ndege. Usitazame tini. Mato yuu, Afra, mato yuu." Macho juu, asitazame chini, hilo tu.

Kwa mizunguko miwili ikatulia. Nikapumua. Lakini hakuweza kumrudisha nyuma, kwa maana Afra alikuwa anamlemea. Khatib akaona, akabadilisha maneno, sasa anamwambia aivunje.

"Iangushe. Ivunde. Ikifika mikokoni kunja mkono, ivundike. Nahesabu. Moya, mbili, sasa."

Ndege ikapita mikokoni haikushuka.

"Moya, mbili, sasa."

Haikushuka. Afra hakuwa anasikia tena. Kichwa kilikuwa kimelala begani kwa babake, macho meupe. Khatib akaushika mkono wake, kifundo cha mkono, si mpini, nasema nilikuwa natazama hapo tu, akaukunja chini ndege ilipofika mikokoni. Mkono ukakunjika. Mpini haukukunjika. Vidole vya Afra vilikuwa vimelegea, mpini umening'inia kwenye vidole viwili na kamba ndogo iliyoufunga kifundoni mwake, na ndege ikaenda itakako. Iliruka juu, ikarudi chini, ikaja moja kwa moja upande wa ukuta.

Hapo Khatib akanitazama.

Alikuwa anageuka, kwa hiyo uso wake ulinipitia mara moja kila mzunguko. Mara ya kwanza niliuona na nikajua anauliza nini. Sikujibu. Watu wanaponihadithia ushujaa wangu, mimi huwakatiza hapo hapo. Mzunguko mzima nilinyamaza kwa ajili yangu mwenyewe. Niliona nyumba yangu, niliona kitanda changu, niliona kikombe chake cha kahawa nikikiosha kila asubuhi miaka ishirini na sita, na nikafikiri labda mafuta yataisha sasa hivi. Niliomba mafuta yaishe. Na katika ule mzunguko, ncha ya bawa ikakwaruza ukuta juu ya vichwa vya wale watoto na vumbi la chokaa likawamwagikia.

Uso wake ukapita mara ya pili. "Kulthum," akasema. Basi, jina tu.

Kama hangeniuliza, je? Nimejiuliza mara nyingi. Angeweza kushika bila ya kuniuliza, talaka ni yake, kiapo ni chake. Lakini mimi ndiye niliyekitoa kinywani mwake kwa nguvu mbele ya watu, na yeye hakutaka kukivunja kwa siri.

"Shika," nikasema. Injini ikaimeza sauti yangu. Nikaingia ndani ya kamba, nikapiga ukelele mpaka koo likaniuma, "Shika, Khatib. Nimeridhia. Shika!"

Akaushika.

Nilimwona akiushika. Vidole vinne na gumba, akaung'oa kwenye mkono wa Afra, na mkono wa kushoto akamkumbatia mtoto kiunoni asianguke. Ndege ikatii pale pale. Ilikuwa inashuka kwenye ule ukuta, akaiinua, ikapita juu ya migongo ya wasichana, ikazunguka kuelekea lango, ikazunguka kuelekea mikoko, na hapo akakunja kiganja chini kwa nguvu zake zote. Ikaingia mchangani kwa pua. Mabawa yakaruka huku na huku, injini ikakoroma kidogo ikanyamaza.

Hata nusu ya mzunguko haikutimia. Nimeupima mara nyingi kichwani. Kutoka ukutani mpaka mikokoni, ndiyo safari yote aliyorusha.

Akauacha mpini ukaanguka. Tukambeba Afra mpaka kwenye kivuli cha darasa, Owen akashika miguu, mimi kichwa, na Khatib mgongo, mikono yetu ikipishana chini ya mtoto bila kugusana. Owen akawahesabu wasichana wake mmoja mmoja, hakuna aliyepata hata mkwaruzo, akarudi mbio na jagi la maji, sukari na kikombe cha bati. "Fundi, umeniokolea watoto," akasema, na akarudia tena na tena. Khatib alimwitikia kwa kichwa. Alikuwa anakoroga sukari na hakuwa ananitazama.

Nilikuwa nimempakata Afra kichwa mapajani mwangu. Akafungua macho. Akanitazama, akamtazama babake, kisha akatazama kule uwanjani, zile karatasi za rangi zilizotapakaa mchangani.

"Nani ameiangusha?" akauliza.

Kisha akautazama mkono wa kulia wa babake, uliokuwa na alama nyekundu ya mpini kiganjani, na nikaona anaelewa. Alianza kulia kimya kimya, machozi yanaingia masikioni, anasema ni yeye, ni yeye amefanya. Nikamfuta. Nikamwambia, "Si wewe. Mimi ndiye niliyeapisha, na mimi ndiye niliyemwambia ashike. Nyamaza unywe maji, saumu hiyo utaifunga siku nyingine."

Khatib alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa mtoto. Kikombe kimeshachanganywa. Akaninyoshea, kama alivyoninyoshea vikombe maisha yetu yote, na mimi nikainua mkono kukipokea. Kikafika katikati. Akakumbuka. Nilimwona akikumbuka, na mimi nikakumbuka pamoja naye. Mkono wake ukasimama hewani juu ya kifua cha Afra, kisha akaurudisha taratibu, maji yasimwagike.

"Mwalimu," akamwambia Owen. "Mpe Bi. Kulthum."

Owen alitutazama wote wawili. "Lakini si yuko hapo mbele yako, fundi?"

"Mpe."

Owen akakichukua kile kikombe, akazunguka miguuni mwa Afra akanipa. Nikamnywesha mwanangu. Nilipoinua macho Khatib alikuwa amekwisha kugeuza uso, anatazama ukutani, naye ameketi hatua tatu mbali na pale alipokuwa.